Wito wa Saa Kumi

Jumanne, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, taa nyekundu iliyokuwa juu ya mlango wa studio ilizimika. Wimbo wa saba ulikuwa umekwisha. Ndani ya wimbo huo watu ishirini na watatu walikuwa wameitwa kwa Kiingereza, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyekuja.

Chiriku alivua hedifoni. Aliutazama mlango wa stoo ya nyaya, kisha mlango wa kutokea. Yote miwili ilikuwa imefungwa. Alihesabu kimoyomoyo hadi thelathini, kama alivyofanya kila amalizapo kuimba, ndipo akanywa maji.

"Umetoka safi," fundi mitambo alisema kutoka upande wa pili wa kioo. "Dakika tatu, sekunde arobaini na nane. Kiti kimelia mara moja mwanzoni, nitakifunika na ngoma."

Fundi huyo watu walimwita Sikio. Alikuwa mtu mzima, mkavu, mwenye daftari la jalada gumu ambamo aliandika kila kilichosikika chumbani: saa, wimbo, kikohozi, kiti. Asichokisikia hakukiandika, na alichokwisha kukiandika hakukifuta.

Saa nne kasoro robo meneja aliingia na simu mkononi, uso umemchanua.

"Dada Chiriku, mambo yameiva. Wale waandaaji wa ng'ambo niliwatumia wimbo wa saba, ule wa mazoezi. Wameupenda. Wanautaka kwenye jukwaa lao. Ila wanautaka kwa lugha ya nyumbani."

"Kwa nini?"

"Wanasema Kiingereza wanacho, tena kingi, hawana pa kukiweka." Meneja alicheka peke yake. "Miaka kumi watu wanakusema hapa: anajidai, anaota kwa Kiingereza, hata chafya anapiga kwa Kiingereza. Sasa wenye mali yao wamekata shauri. Tunarekodi leo jioni. Nimeshawaambia ndiyo."

"Ungeniuliza kwanza."

"Ningekuuliza ungekataa."

Hilo lilikuwa kweli.

Alizoea kusemwa. Mtangazaji wa kipindi cha mchana redioni alikuwa na mzaha wake wa kila wiki: "Anayefuata ni dada yetu Chiriku, kaeni na kamusi karibu." Waandishi wa magazeti walipomuuliza kwa nini haimbi kwa lugha aliyozaliwa nayo, alijibu kwamba Kiingereza kinafika mbali. Kwa wanamuziki wengi aliowajua, jibu hilo lingetosha. Mmoja aliimba kwa Kiingereza ili asikike ng'ambo. Mwingine aliimba kwa Kiingereza ili mkwewe asielewe anachokisema kuhusu mapenzi. Wa tatu alikuwa na mashairi makali juu ya wakubwa, na wakubwa wa mtaani kwake hawakukijua Kiingereza vizuri. Chiriku aliimba kwa Kiingereza kwa sababu kwa Kiingereza hakuna anayeitika.

Aligundua jambo hilo akiwa na miaka kumi na sita, katika kwaya ya shule. Alipewa ubeti wa peke yake katika wimbo wa kusifu kazi, kwa lugha ya nyumbani. Alipofika kwenye neno seremala, mlango wa ukumbi ulifunguka, wakaingia maseremala wanne, mmoja na penseli sikioni, mwingine bado anatafuna. "Tupo," wakasema. Mwalimu mkuu, ambaye hakuwa mtu wa kuacha bahati ipite, aliwaonyesha madawati yaliyovunjika, nao wakayatengeneza hadi jioni. Ubeti uliofuata ulitaja askari. Chiriku aliuruka.

Jioni hiyo alimweleza mama yake. Mama alikuwa anakunja nguo, na aliendelea kuzikunja.

"Ni koo la ukoo," alisema. "Ninalo mimi, bibi yako alikuwa nalo. Wewe imba kwa lugha ya watu, mwanangu. Hiyo haimwamshi mtu."

Mama alikuwa anajua alichokuwa anakisema, kwa kuwa koo hilo liliwahi kuwa ajira yake. Alikuwa mwita kwenye machimbo ya chokaa. Huko watu walishuka mita tisini chini ya ardhi, na king'ora hakikuwafikia. Sauti yake ilikufa kwenye ngazi ya tatu, na wahandisi waliokuja kupima waliondoka bila kueleza sababu. Kilichofika chini kilikuwa wito. Kila siku saa kumi kamili, mama alisimama mdomoni mwa shimo akiwa na sare yake ya bluu, akaimba mstari wa kwanza, ngazi ipo, kamba ipo, taa ipo, kisha akaita watu mmoja mmoja kwa majina yao ya shimoni. Majina ya kwenye vitambulisho hayakufika popote. Mtu aliitwa kwa jina alilobandikwa na wenzake kule chini: Jongoo, Nusu Mkate, Usiniguse, Baba Pacha, Kisigino. Aliyeitwa alijibu "Nipo," akapanda, karani akamtia alama ya vema daftarini, akaenda zake. Kanuni ilikuwa moja: hakuna kupanda kabla ya wito. Aliyepanda mapema alihesabiwa mtoro.

Jina la mwisho katika wito lilikuwa Bawaba. Huyo alikuwa baba yake Chiriku. Jina alilipata kwa goti lake la kulia, ambalo lilikwaruza kila alipokunja mguu, kama mlango uliosahauliwa mafuta. Wenzake walisema Bawaba hahitaji kubisha hodi, goti linamtangulia.

Chiriku alikuwa na miaka tisa siku ambayo maji yalivunja ukuta wa shimo. Ripoti ya kampuni ilisema mambo matatu. Kwamba wito uliimbwa saa kumi kamili, kama kawaida. Kwamba wachimbaji ishirini na wawili waliusikia na kwa uzembe wao hawakupanda, na maji yakawakuta saa kumi na dakika ishirini. Na kwamba Bawaba hakuwa miongoni mwao, kwa kuwa daftari la asubuhi halikuwa na alama mbele ya jina lake. Chini ya ripoti palikuwa na sahihi ya nyapara, sahihi ya karani, na alama ya kidole gumba cha mwita.

Mdomo haulipiwi nauli. Kabla ya mwezi kwisha alipatikana mtu aliyemwona Bawaba kituo cha mabasi na begi, na mwingine aliyemwona na mwanamke, na wa tatu aliyejua hata rangi ya gauni. Mama hakubishana nao. Chiriku alimuuliza mara moja tu.

"Niliita," mama alisema. "Hakuitika."

Tangu siku hiyo mama hakuimba tena, hata jikoni. Na Chiriku, alipokwisha kujua koo lake linaweza nini, alibaki na hesabu yenye majibu mawili. Maseremala wale walikuja wakiwa hai, na chakula mdomoni. Kwa hiyo aliyeitwa huja kama alivyo, kutoka alipo. Akimwita baba naye akaja mkavu, na begi, basi aliwaacha. Akija amelowa, basi alikuwa kule chini miaka yote ambayo watu walimsema, na mkewe na bintiye wakanyamaza. Chiriku aliyapima majibu hayo kwa miaka ishirini na moja, akaona yote mawili hayabebeki. Alichothubutu kufanya ni kuutafsiri wito ule, jina kwa jina, na kuuimba katika lugha ambayo haimfikii mtu. Huo ndio uliokuwa wimbo wa saba.

Saa tisa na nusu alasiri alikubali kupima sauti kwa mstari wa kwanza peke yake. Mstari huo haukuwa na jina la mtu. Taa nyekundu iliwaka. Aliimba kwa lugha ya nyumbani: ngazi ipo, kamba ipo.

Kamba ilianguka kwenye zulia, imeviringwa, nene kama mkono wa mtoto. Maji yalianza kuenea chini yake.

"Simama hapo," Sikio alisema. Aliandika: *Saa tisa na dakika thelathini na mbili. Kitu kizito kimeanguka. Kamba. Imelowa.* Kisha akaja na tambara, akausogeza waya wa umeme mbali na maji.

"Sauti gani hiyo!" meneja alisema. "Umesikia ile *puu*? Iache, usiikate."

Chiriku hakuimba neno taa. Alikaa kwenye kiti, mikono katikati ya magoti.

Saa kumi kasoro robo mama aliingia na chupa ya chai. Alifika studio kila siku wakati huo, jua liwake au mvua inyeshe, kwa kuwa hakupenda kuwa peke yake nyumbani saa kumi ikigonga. Aliiona kamba. Aliweka chupa mezani, akainama, akalitafuta fundo la mwisho, akalibonyeza kwa kidole gumba.

"Fundo hili nililifunga mimi," alisema. "Imba kwa Kiingereza, mwanangu. Mwambie huyu bwana koo limekukauka."

"Mama, siku ile uliita?"

"Imeandikwa niliita."

Sikio aliinua kichwa kutoka kwenye daftari. Chiriku alimgeukia mama yake.

"Siku zote ulikuwa unasema 'niliita.' Leo unasema imeandikwa."

Mama alifungua chupa ya chai, akaifunga tena bila kumimina.

"Usiwaite," alisema. "Nakuomba. Sijui kama yumo. Miaka yote sijui kama yumo."

Zilibaki dakika kumi na moja. Meneja alikuwa anapanga vikombe juu ya spika, anauliza kama kuna sukari. Chiriku alisimama, akavaa hedifoni, akasogea mbele ya maikrofoni. Saa ya ukutani ilipofika kumi kamili, taa nyekundu iliwaka.

Ngazi ipo, kamba ipo, taa ipo.

Aliita Jongoo.

Mlango wa stoo ya nyaya ulifunguliwa kutoka ndani, akatoka mtu mfupi mwenye kofia ya chuma, mweupe wa chokaa kuanzia kichwani hadi kiunoni na mweusi wa maji kuanzia kiunoni kwenda chini. "Nipo," alisema. Alitafuta msumari wa kutundika taa yake, akaupata pale ilipokuwa inatundikwa kalenda.

Aliita Nusu Mkate. Aliita Usiniguse. Walitoka mmoja mmoja, wakipishana mlangoni kwa adabu, kila mmoja na "Nipo" yake, mmoja kwa sauti nzito, mwingine kwa kikohozi. Baba Pacha alipotoka aliomba radhi kwa kukanyaga waya. Chumba kilianza kuwa baridi. Sikio aligeuza maikrofoni ya pili kuelekea mlango wa stoo na kuandika. Kufikia jina la kumi na tano chumba kilikuwa kimejaa, waliofuata wakasimama ukumbini, ukutani, na maji yao yalipita chini ya mlango. Wote walikuwa wamelowa. Hakuna aliyemtazama Chiriku usoni. Walitazama mikono ya mama yake nyuma ya kioo, kama watu waliozoea kutazama daftari.

Kisigino alikuwa wa ishirini na mbili. Alitoka, akaufunga mlango wa stoo nyuma yake.

Ngoma ambayo Chiriku alikuwa akiisikia masikioni iliendelea bila yeye, mipigo minane, kumi na sita. Mlango ule ulikuwa umefungwa vizuri, hadi kwenye kitasa. Mama alikuwa amekaa upande wa pili wa kioo, viganja viwili mdomoni.

Aliita Bawaba.

Zilipita sekunde nne. Sikio aliziandika. Kisha nyuma ya mlango kilisikika kitu kinachokwaruza, mara moja, halafu tena, kama mtu anayepanda na kupumzika, na kitasa kikazunguka.

Alikuwa amelowa hadi kifuani. Hakuwa na begi. Alikuwa kijana kuliko Chiriku alivyomkumbuka. Kwa kweli alikuwa amezidiwa na Chiriku mwaka mmoja.

"Nipo," alisema. Aliangalia huku na huku, akamwona mkewe nyuma ya kioo, akamwambia bila ukali, "Mbona leo mmechelewa kuita?"

Mama alijibu kupitia kipaza sauti cha fundi, kwa kuwa ndicho kilichokuwa mbele yake.

"Nyapara alininyooshea mkono. Alisema bado, nusu saa zaidi, mzigo haujatosha. Nikangoja anishushie mkono. Hakuushusha."

"Basi hukuita."

"Sikuita."

"Ndiyo maana," Bawaba alisema, akawageukia wenzake. "Nimewaambia hatujaitwa. Wengine hapa walisema tumepitiwa na usingizi."

"Maji tuliyasikia," Jongoo alisema. "Tukasema tungoje wito. Si ndiyo kanuni?"

"Ndiyo kanuni," wengine waliitikia.

"Na wewe hawakukuandika," mama alimwambia mumewe. Sauti yake ilitoka kubwa kwenye spika, na hakujua namna ya kuipunguza. "Walisema hukushuka."

"Goti lilinichelewesha. Nilikuta karani ameshafunga daftari. Akaniambia shuka tu, nitakuandika jioni." Alimwangalia Chiriku, ambaye bado alikuwa amevaa hedifoni. "Mtoto ametoka shule?"

"Ametoka," mama alisema.

"Amekua upesi," Bawaba alisema.

Chiriku alitaka kumgusa akaogopa. Aliogopa kwamba mkono ungepita, na aliogopa zaidi kwamba usingepita. Alisema, "Shikamoo, baba." Akaitikiwa, "Marahaba." Wote wawili walisema hivyo kwa sauti ndogo, na maikrofoni ilichukua.

Taa nyekundu ilizimwa saa kumi na dakika tisa. Watu wale hawakuondoka. Walieleza kwamba hawajatiwa vema, na mtu ambaye hajatiwa vema hawezi kwenda nyumbani. Meneja, ambaye alikuwa amepata sukari, aliwagawia fomu za waitikiaji ili majina yao yatokee kwenye jalada la albamu; walizishika kwa heshima hadi zikalowa na kukatika. Sikio aliwasomea alichokiandika: *Sauti ya ishirini na tatu. Goti la kulia. "Nipo."* Walisikiliza hadi mwisho. Bawaba alimshukuru, akasema ni mwandiko mzuri, ila si daftari lenyewe.

Walikaa ukumbini kwenye mabenchi, taa zao zikiwaka.

Jumatano saa mbili na nusu asubuhi Chiriku na mama yake walifika ofisi za machimbo. Meneja aliwafuata bila kualikwa. Nyapara wa wakati ule sasa alikuwa mkurugenzi, na ofisi yake ilikuwa na zulia, feni mbili na dirisha lililoangalia shimo. Aliwapokea mwenyewe mlangoni.

"Shikamoo," Chiriku alisema.

"Marahaba, binti. Mama Chiriku, karibu, karibu sana. Hubadiliki wewe. Kaa hapa penye upepo."

Alivaa hedifoni walizomletea na kuisikiliza rekodi yote, macho ameyafumba. Alitaja majina huku akiyasikia. Lilipofika goti, alitabasamu.

"Huyo ni Bawaba. Goti lile hulipati kwa mtu mwingine." Alivua hedifoni, akaziweka mezani taratibu. "Masikini. Kumbe alishuka."

"Kwa hiyo mtamwandika," mama alisema.

Mkurugenzi alimwita karani. Karani huyu alikuwa mwingine, kijana nadhifu. Alieleza kwamba daftari la mwaka ule lilifungwa mwaka uleule, na daftari lililofungwa halifunguliwi, kwa kuwa likifunguliwa moja yatafunguliwa yote. Aliongea kwa upole, na aliomba radhi mara mbili.

"Na ripoti?" Chiriku aliuliza. "Baba yangu anasema humo kwamba hawakuitwa. Umesikia."

"Nimesikia." Mkurugenzi aliirudisha rekodi mwanzo, akaangalia saa iliyoandikwa na Sikio kwenye kasha lake. "Nimesikia pia kwamba wito umeimbwa saa kumi kamili, na watu wote wakausikia. Hivyo ndivyo ripoti ilivyosema tangu mwanzo. Nakushukuru kwa kutuletea ushahidi. Karani, iambatanishe."

Karani aliitia rekodi ndani ya bahasha, akaandika namba juu yake, akaifungia kabatini. Mama alikuwa anakitazama kidole gumba chake.

"Sasa kwa kuwa mpo," mkurugenzi alisema, na hapo akamgeukia meneja, "king'ora chetu kimekufa kabisa. Tangu Mama Chiriku aondoke hatujaajiri mwita, kazi hiyo ilikuwa ya kizamani. Vijana tumekuwa tukiwapandisha kwa kutuma mtu chini, na mtu huyo naye ana kazi zake. Nasikia mnao wito huu kwa Kiingereza."

"Tunao!" meneja alisema. "Dakika tatu, sekunde arobaini na nane."

"Hicho ndicho ninachokitaka. Wakaguzi wa kampuni wanatoka ng'ambo, lazima waelewe kinachoimbwa. Usalama usioeleweka si usalama."

"Kwa Kiingereza haufiki chini," Chiriku alisema. "Hata ukifika, majina yale ni ya waliokufa."

"Tumenunua spika kubwa, binti."

"Wanaoshuka siku hizi wanaitwa nani?"

Mkurugenzi alimtazama karani, na karani akajibu kwamba kila mchimbaji ana namba ya tarakimu sita. Majina ya utani yalipigwa marufuku kwa waraka, kwa sababu yalishusha nidhamu.

"Nyimbo zote za albamu ziko chini ya ofisi yangu," meneja alimnong'oneza Chiriku. "Mkataba, ukurasa wa nne. Usinifanyie hivi mbele za watu, dada. Ni spika za kazini tu."

Meneja alitia sahihi saa nne na dakika tano. Mkurugenzi aliwasindikiza hadi getini na kumpa mama mkono. Mama aliupokea, kwa kuwa ulikuwa umeshanyooshwa.

Siku nne zilizofuata Chiriku alisimama nje ya geti la machimbo, zamu ikitoka, akiwauliza wachimbaji majina yao ya shimoni. Walimpita wakitazama chini. Mmoja alimwambia, "Dada, unatutafutia kufukuzwa." Mwingine, kijana wa watu mcheshi, alifungua mdomo kumwambia, akamwona mlinzi, akataja namba zake sita.

Alirudi studio kila jioni. Sikio alikuwa amepigilia misumari ishirini na mitatu ukumbini kwa ajili ya taa, na wanamuziki wengine waliokuja kurekodi walijifunza kuinua miguu wapitapo. Mama alikaa benchi la mwisho kando ya Bawaba. Alimkaushia goti kwa kitambaa, na maji yaliporudi alilikausha tena.

"Karani amekuja?" Bawaba aliuliza kila saa kumi.

"Bado," mama alimjibu.

Jumatatu iliyofuata spika nne zilikuwa zimefungwa juu ya nguzo kuzunguka mdomo wa shimo. Anga lilikuwa jeupe, hakuna upepo. Tangu saa nane vibarua wa juu walikuwa wanasema ukuta wa chini unatoa jasho, na msimamizi wa zamu alikuwa ameandika hivyo kwenye ubao wa ofisini. Chini kulikuwa na watu hamsini na wanane. Mtu wa kuwapandisha hakutumwa tena, na kanuni ilikuwa ileile: hakuna kupanda kabla ya wito. Chiriku aliipata idadi ya watu hao kwa mlinzi, ambaye aliisoma kwenye skrini.

Chiriku na mama yake walisimama nje ya uzio wa waya, hatua thelathini kutoka mdomo wa shimo. Mkurugenzi alionekana dirishani, na wageni wawili kando yake.

Saa kumi kamili wimbo wa saba ulianza. Ulitoka mkubwa na safi, hata kiti hakikusikika. Chiriku aliisikia sauti yake mwenyewe ikiwaita Jongoo na Nusu Mkate na Kisigino katika lugha ambayo hawakuwahi kuitwa nayo. Mgeni mmoja dirishani alitikisa kichwa kufuata mdundo. Kamba iliyoning'inia shimoni haikutikisika.

"Mama," Chiriku alisema. "Ita."

Mama alishika waya wa uzio kwa mikono miwili. Alivuta pumzi kama alivyokuwa akivuta zamani, mabega yakapanda, na akaimba. Sauti ilikuwa na kutu lakini ilikuwa ileile. Ngazi ipo, kamba ipo, taa ipo. Akafika mahali pa jina la kwanza, akasimama.

"Nimwite nani?" aliuliza.

Chiriku alimtazama mlinzi. Mlinzi aliitazama skrini, akaanza kusoma, "Sifuri, nne, nne, moja..." kisha akanyamaza mwenyewe.

Wimbo ulikwisha saa kumi na dakika tatu na sekunde arobaini na nane. Kutoka shimoni hakupanda mtu. Saa kumi na dakika nne, kama mtambo ulivyopangwa, wimbo ulianza upya.